Kivinjari Kisichochanganya Watu

Rodi Kopany
Alhamisi, 6 Februari 2025

Mwanangu Nyangi,

Kwa miaka thelathini na mbili niliwafundisha watoto wa watu kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kumjulia mwenzako hali, kisha ndipo uombe unachokiomba. Leo nitaanza na ombi, kwa sababu Edith amekwisha kufunga magunia yake ya dagaa wa omena na anazungukazunguka nje hapa akinisubiri. Unajua yeye huuza huko Migori kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Nimempata kuwa posta yetu.

Nataka kubadilisha kile chombo cha kwenye simu ninachoingilia mtandaoni. Wewe hukiita brauza. Kiswahili chake ni kivinjari, na ni neno zuri: kuvinjari ni kupita huku na huku ukiangalia, kama mama yako, Mungu amrehemu, alivyokuwa akilizunguka soko la Isebania lote kabla hajanunua kitunguu kimoja. Nimesikia kuwa viko vingi na mtu huchagua kinachomfaa. Basi nichagulie.

Kiwe na maandishi makubwa. Si makubwa ya wastani, makubwa ya ubaoni. Ikiwezekana kinisomee habari kwa sauti wakati mikono yangu iko kazini. Kisile data kama ng'ombe aliyevunja ua wa mahindi. Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo la kwanza, kisichanganye watu. Ninachotafuta mimi kiwe changu, na anachotafuta mwingine kiwe chake.

Maana hiki nilicho nacho sikielewi. Tangu mwezi wa kumi na moja kinaniuzia nepi. Mimi, Nicodemus Obare, mgane wa miaka sitini na nne, nasoma bei ya mahindi na katikati naletewa mtoto mnono anayecheka. Juzi kilikuwa kitanda cha mtoto, cha mbao, chenye kuta. Nilimwonyesha Edith, akacheka hadi akakaa chini, akasema labda simu inajua jambo ambalo mzee wa kanisa halijui.

Nami nilicheka. Lakini nichagulie.

Usinipigie kuhusu hili. Wewe uko dukani na wateja wanasikia, na mimi nikiongea na simu napayuka hadi barabarani. Andika. Barua ina gundi.

Hujambo? Mumeo hajambo? Yale malori ya miwa bado yanamlaza Awendo?

Baba yako,
Mwl. N. Obare


Migori
Jumapili, 9 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Edith alinipata dukani, kwa kompyuta, watu wakiwa kwa laini, mmoja anataka cheti cha kuzaliwa, mwingine amesahau nywila tangu mwaka juzi, so barua yako niliisoma jioni. Asante kwa omena. Haukuitaja lakini niliiona.

Sasa, kivinjari. Nitajaribu kuandika bila kukuudhi.

Hiyo uliyo nayo ni Chrome, ilikuja na simu. Si mbaya. Ni ya haraka na inafungua kila kitu, lakini raha yake ni ikujue: nani wewe, uko wapi, jana uliuliza nini. Kuna Opera Mini, hiyo ni ya kuokoa data. Inabana kurasa kabla zikufikie, ndio maana zinakuja nyepesi. Lakini ili zibanwe, zinapitia kwa kompyuta zao kwanza. Ni kama kumpa mtu barua yako aikunje vizuri. Ataikunja, lakini imepitia mkononi mwake.

Brave inazuia matangazo bila hata kuambiwa. Firefox inazuia wale wanaokufuata nyuma kutoka tovuti hadi tovuti, ina njia ya kusafisha ukurasa ubaki maandishi peke yake, unayakuza utakavyo, na unaweza kuiambia ifute kila kitu ukiifunga. Lakini kwa simu sijaipata ikisoma kwa sauti. Inayosoma ni Edge. Na Kiswahili inakisoma vizuri, Baba, ungedhani ni mtangazaji. Shida ni kwamba ile sauti tamu inatengenezwa mbali. Maneno yanatumwa kwa mashine zao, yanarudi yakiwa sauti. Kama ni habari ya mahindi, hakuna neno. Kama ni jambo lako la ndani, hapo ni wewe kuamua.

Hakuna moja inayokupa vyote. Nimekaa kwa hii kazi miaka tisa na bado sijaiona. Ile inayokutumikia sana inataka kukujua sana.

Na usidanganywe na lile dirisha la faragha, lile jeusi. Watu wanakuja hapa wakilifungua wanapumua kama wamefunga mlango. Linachofanya tu ni kuizuia simu isiweke kumbukumbu. Tovuti zinakuona, na kampuni ya mtandao inakuona.

Hizo nepi usijali. Matangazo hupotea njia. Pengine kuna mtu aliomba simu yako akatafuta vitu vyake.

Lakini Baba, herufi za ubaoni ni za nini? Ile miwani ya Homa Bay bado iko? Kuna daktari wa macho anakuja hapa Migori kila Jumatano. Jirani yangu Bosibori alimpeleka shangazi yake na wakasaidika. Nasema tu.

Boaz yuko poa. Bado Awendo, anarudi wikendi. Mimi pia niko sawa. Nimechoka kidogo, ni hili jua.

Wako,
Nyangi


Rodi Kopany
Alhamisi, 13 Februari 2025

Mwanangu,

Nimekupa tisa kwa kumi. Moja nimekata kwa sababu ya "watu wakiwa kwa laini". Watu hupanga foleni.

Barua nimeisoma mara tatu mlangoni, penye jua. Umeeleza vizuri kuliko wakaguzi wote waliowahi kuja shuleni kwangu. Miwani iko. Macho ya mwalimu yamekula chaki miaka mingi, ni hivyo tu. Shangazi wa Bosibori nampa pole.

Lakini kuna jambo moja hukuligusa, nami nilidhani ungeanza nalo. Juu kulia, pale ninapoandika swali, kuna duara dogo, na ndani ya duara ni uso wako. Umevaa kile kilemba cha kijani. Nilidhani uliuweka hapo tulipomaliza kumzika mama yako, ili nisijione peke yangu. Nikuambie ukweli, asubuhi nilikuwa nikiusalimia.

Sasa naanza kufikiri kwamba ile si picha tu. Nikiweka kivinjari kipya, uso wako utahamia nami? Na kama mimi nakuona wewe pale juu, Nyangi, je, wewe kwako unaona nini?

Nijibu bila haraka.

Baba


Migori
Jumapili, 16 Februari 2025

Baba,

Hii ni barua ya nne. Tatu nimezichana.

Ile simu niliifungua kwa akaunti yangu. Ilikuwa wiki moja baada ya matanga ya Mama. Wewe haukutaka kusikia habari ya nywila wala barua pepe, ulikuwa umekaa tu unaangalia kiti chake, nami nilitaka uwe na kitu cha kupigia na kusomea habari. Nikasema nitabadilisha baadaye. Sikubadilisha.

Akaunti moja ni daftari moja, Baba. Unachoandika kwenye kile kisanduku kinaingia pia kwa kompyuta yangu ya dukani. Naapa mwanzoni sikujua. Mwezi wa tisa nilikuwa natafutia mteja fomu, nikaandika herufi moja, na chini yake kukajileta: "Je, dalili za presha ya macho ni zipi?" Nikadhani ni ya mteja. Kesho yake: "Kwa nini mtu hugonga mlango kwa bega la kushoto kila mara?" Hapo nikajua. Hakuna mtu mwingine ninayemjua anayeuliza simu swali kwa sentensi kamili na alama ya kuuliza mwishoni.

Ningekuambia siku hiyo. Sikukuambia. Nikaendelea kusoma. Niliona ukiuliza kama mitishamba huponya. Niliona ukiuliza kama mtu mzima anaweza kujifunza maandishi ya vipofu. Siku ya Krismasi, umetoka kanisani, mimi nimekupigia tumecheka, umeniambia umekula kuku, halafu jioni ukauliza: "Je, kipofu anaweza kukaa peke yake bila kuwasumbua watoto?"

Nilifunga duka siku mbili. Boaz aliambiwa nina malaria.

Nilijiambia nakutunza. Kila asubuhi kabla sijafungua mlango nilikuwa naangalia: ameuliza bei ya mahindi, basi ameamka, yuko hai. Lakini nimekuwa mtu wa kuchungulia, na aliyechunguliwa ni baba yangu. Niliogopa nikikuambia uende hospitali utauliza nimejuaje. Na ukishajua utatoka kwenye akaunti, na mimi nitabaki gizani, sijui umeamka au hukuamka.

Sasa fanya hivi. Gusa uso wangu pale juu. Utaona neno la kutoka, toka. Halafu weka kivinjari unachotaka, na kikikuuliza akaunti, kikatalie. Hauhitaji akaunti ya mtu yeyote. Usingoje mimi nikuambie ni kipi. Chagua wewe.

Kisha, nakuomba, macho yaangaliwe. Kilichokwenda hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kushikwa. Mimi pia nimesoma.

Na kuhusu nepi sikukuambia ukweli wote. Siwezi leo.

Nisamehe.

Nyangi


Rodi Kopany
20 Februari 2025

Nyangi,

Barua nimeipata. Nimegusa uso wako, nimetoka.

Nitaandika.

Baba


Migori
Jumapili, 9 Machi 2025

Baba,

Leo ni siku ya kumi na saba. Simu yako haipatikani. Edith anasema nyumba imefungwa na ng'ombe wako anachungwa na jirani, na jirani mwenyewe anajua tu kwamba ulitoka asubuhi na mfuko mmoja. Nimempa barua hii aipitishe chini ya mlango. Sijui naiandikia nani.

Kila asubuhi bado naifungua ile orodha. Mkono unaenda wenyewe. Imesimama tarehe ishirini. Swali lako la mwisho ni: "Je, mtu hutokaje kwenye akaunti ya mwanawe bila kumkasirisha?" Baada ya hapo ni mimi peke yangu, fomu za wateja na mambo yangu.

Sijakasirika. Kama wewe umekasirika, ni haki yako. Nilichukua kitu ambacho hukunipa. Lakini usiniadhibu kwa kunyamaza, Baba. Kwa kweli nimezoea kujua umeamka.

Boaz alitaka kwenda mwenyewe jana, nikamzuia, nikasema tusikuvamie mara ya pili. Sijui kama nilifanya vizuri. Nisipopata neno lako Alhamisi, Ijumaa asubuhi niko Rodi.

Nyangi


Rodi Kopany
Alhamisi, 13 Machi 2025

Nyathina, mwanangu,

Usije kesho. Niko hai, nimeamka, na bei ya mahindi imeshuka.

Nilikuwa Homa Bay kwa rafiki yangu Omosa, yule tuliyefundisha naye. Nilikaa kwake wiki mbili kwa sababu kliniki ya macho walinitaka zaidi ya mara moja. Nimerudi juzi, nikaikanyaga barua yako mlangoni. Simu niliiacha hapa kwa makusudi. Nilikosea. Nilifikiri juu yangu tu, sikufikiria wewe ukihesabu siku.

Nikuambie kwanza habari za daktari, maana najua unaruka mistari ukizitafuta. Jicho la kushoto limepoteza sehemu kubwa ya pembeni, na hiyo hairudi. Ndiyo sababu ya ule mlango. La kulia limewahiwa. Nimepewa dawa ya matone, tone moja kila jioni, maisha yangu yote, na kila miezi mitatu nirudi wapime. Daktari ni msichana mdogo, Nyatichi. Aliniuliza kwa nini nilichelewa. Nikamwambia nilikuwa nikiiuliza simu. Hakucheka.

Sasa la pili. Nilikasirika, nisikufiche. Siku nne sikukujibu zaidi ya ile mistari miwili kwa sababu kila sentensi niliyoianza ilikuwa ya kukuumiza. Si kwamba ulijua. Ni kwamba nilikuwa nalia, nikidhani niko peke yangu, kumbe kuna mtu amekaa chumbani. Hata kama mtu huyo ni mtoto wako, unaona aibu.

Lakini hasira yangu haikuwa safi, kwa maana mimi pia nilikuwa nimekaa chumbani kwako.

Umesema akaunti moja ni daftari moja. Daftari husomwa na pande zote mbili, mwanangu. Mwezi wa kumi na moja nilikigusa kile kisanduku niandike, na kabla sijaandika kitu kukaja maneno: "mimba wiki ya kumi na moja damu". Nikadhani simu huleta maswali ya watu wa dunia. Sikujua namna nyingine ya kuelewa. Baada ya siku chache: "mimba kutoka mara ya pili ni kosa la mama". Nikaiweka simu mezani. Nikamwombea mwanamke yule, popote alipo. Niliendelea kumwombea kila usiku kabla ya kulala, nikimwita yule mama, kwa sababu sikuwa na jina lake.

Kisha mwezi wa kwanza, tarehe za mwanzo, yakaja haya: "jinsi ya kumshawishi mzazi mkaidi aende kuangaliwa macho".

Hapo ndipo nilipojua jina la mwanamke niliyekuwa nikimwombea.

Nyepesi ilikuwa ile ya mzazi mkaidi, hiyo niliistahili. Ile nyingine sikujua niishike wapi. Baba huanzaje kumwambia binti yake jambo kama hilo? Mama yako angejua, angepanda gari siku hiyo hiyo na kuja kukupikia uji. Mimi nilinyamaza. Nikawa naandika huku nimefunika chini ya kioo kwa kidole gumba, nisione unachouliza. Kidole kimoja hakitoshi. Ndipo nilipokuandikia habari ya kivinjari. Ulidhani nataka kuficha yangu. Yangu nilikuwa tayari kuyaficha kwa kunyamaza tu. Nilitaka kukuachia yako.

Zile nepi nilizijua, Nyangi, siku ile nilipoandika. Niliziweka kwenye barua kama mzaha, nikitumaini utaushika mzaha huo na kuniambia. Haikuwa njia nzuri. Nisamehe nawe.

Na swali lako, uliloiuliza simu na si mimi, nimelisoma na siwezi kulisahau, basi nalijibu. Si kosa lako.

Nalijibu kwa sababu niliwahi kuulizwa nikashindwa. Mwaka wa 1986 mama yako Robi alipoteza mtoto, mimba ya miezi mitano. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja tu. Watu wa kwetu walikuwa bado wananong'ona kwamba Mjaluo ameenda kuoa kwa Wakuria kana kwamba hapa hakuna wasichana, na watu wake wakinong'ona vivyo hivyo, kwa hiyo hatukumwambia mtu. Usiku ule aliniuliza, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "Nico, ni mimi?" Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Sikujua la kusema, nikanyamaza, nikidhani kunyamaza ni upole. Yeye akauchukua ukimya wangu kuwa jibu. Alikuja kuniambia miaka mingi baadaye, wewe uko sekondari, kwamba alikuwa ameishi nao wakati wote huo.

Kwa hiyo siwezi kunyamaza mara ya pili. Si wewe. Wala hukubeba kitu kizito, wala hukukosa imani, wala si zile saa unazosimama dukani. Si wewe.

Mistari imepinda, najua. Nimeandika kwa rula nikiteremsha kidogo kidogo.

Baba yako


Migori
Jumapili, 16 Machi 2025

Baba yangu,

Edith alinipa barua mbele ya wateja, nikaifungua hapo hapo nikidhani ni mistari miwili tena. Nililia nikiwa nimeshikilia kitambulisho cha mtu. Mwenye kitambulisho, mama mmoja wa Awendo, alizunguka meza akanishika mgongo hadi nikamaliza, halafu akarudi kwa foleni yake. Ona, nimeandika foleni.

Wa kwanza alikuwa mwezi wa nne mwaka jana. Huyo alikuwa mdogo sana, nilijiambia ni kuchelewa tu kwa mwezi. Wa pili ni huyo wa Novemba. Huyo tulishamjua. Boaz alikuja kutoka Awendo na nguo za kazi, masizi ya miwa usoni, akakaa sakafuni kando ya kitanda kwa sababu hakutaka kuchafua shuka. Alikaa hapo hadi asubuhi. Wewe hatukukuambia kwa sababu kiti cha Mama kilikuwa hakijapoa. Tulisema Mzee ana yake.

Unajua kilichokuwa kinanimaliza ni nini? Nepi nilizitafuta mara moja tu. Siku moja, mwezi wa kumi, duka limetulia, nimefurahi, nikasema wacha nione. Nepi, na kile kitanda cha mbao. Dakika kumi. Baada ya hapo zilinifuata kila mahali, kwa habari, kwa mapishi, hata nikitafutia mteja fomu ya ardhi, mtoto anacheka. Hakuna mtu aliyeiambia simu kwamba mtoto hayupo tena. Mimi mtu wa kompyuta, ninayewafundisha wengine kufuta historia, sikuweza kuifuta yangu. Niliona kama ni kumfuta yeye.

Usiku wa jana niliifuta. Boaz alikuwa amekaa hapa karibu. Nikaweka Firefox kwangu pia. Asubuhi nikafungua habari, na zilikuwa habari tu.

Hilo neno lako nimelisoma mara nyingi hadi karatasi imelegea. Nilikuwa nimeiuliza simu, nikamuuliza nesi, nikamuuliza Mungu. Sikujua kwamba Mama aliwahi kuuliza. Sikujua kwamba kuna mtu aliyekuwa akiniombea bila jina langu.

Weka dawa kila jioni. Sitachungulia. Lakini ukipenda uniambie, nitafurahi kujua.

Umechagua kipi?

Mwanao,
Nyangi


Rodi Kopany
Alhamisi, 20 Machi 2025

Nyangi mwanangu,

Nimechagua viwili. Usinicheke. Edge nimeipa habari, mahindi, na somo la Sabato. Inanisomea nikimpa ng'ombe nyasi, na Kiswahili chake ni safi, ingawa jina la Rodi Kopany inalitamka kama mgeni aliyeshuka jana. Yale inayosoma mbele yangu, hata wakiyasikia huko mbali, sina hasara. Firefox nimeipa mambo yangu. Herufi nimezikuza hadi neno moja linajaza nusu ya kioo, na nimeiamuru ifute kila kitu ninapoifunga. Mjukuu wa Omosa, Bravin, ndiye aliyenishika mkono kwenye mipangilio siku nilipopita kwao kuchukua dawa. Nilimkataza kuweka akaunti, akanitazama kana kwamba nimekataa kuweka paa.

Dawa naweka. Inawasha kidogo kisha inatulia. Nakuambia kwa hiari yangu, na nitakuwa nikikuambia.

Pale juu kulia sasa hakuna uso. Asubuhi ya kwanza nilipofungua nilikuta duara tupu la kijivu, na nilipungukiwa na kitu. Nikaona heri nikupigie, nikakupigia. Ulisema, "Baba, kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. Hakukuwa na kitu kweli, nilitaka kukusalimia tu.

Sasa nikuambie swali la kwanza nililoiuliza ile inayosahau. Hakuna aliyeliona, na limekwisha kufutika, ila mimi nalikumbuka. Jumanne ijayo nataka kuja Migori. Omosa atanipandisha gari, na Boaz amesema atanipokea. Nilitaka kujua baba akienda kumwona binti yake aliyepoteza mtoto ambaye hakuzaliwa, anabeba nini. Akifiwa na mtu mzima najua, nimekwenda matanga mengi, kuna sukari, kuna unga, kuna jogoo, kuna maneno ambayo kila mtu anayajua. Kwa hili sikujua. Majibu yalikuja mengi, mengine ya Ulaya, maua na mishumaa. Nikayasoma yote kwa herufi zangu kubwa, na hakuna hata moja nililoweza kukuona ukilipokea.

Kwa hiyo nimefunga, nimechukua kalamu. Nakuuliza wewe mwenyewe. Nije na nini?

Baba


Migori
Jumapili, 23 Machi 2025

Baba,

Usibebe kitu. Wala omena.

Kaa upande wa kulia wa gari ili jicho zuri lipate dirisha. Boaz atakuwa stendi kuanzia saa nne, na mimi nitafunga duka.

Ukishakunywa chai na kupumzika, nataka uniambie kuhusu yule wa 1986. Yote unayoyakumbuka, na alikuwa aitwe nani. Nimeishi miaka thelathini na sita nikijiita kifungua mimba.

Nyangi